Mwongozo kamili wa kutumia ushauri nasaha: kwa mtu binafsi, wenza na familia

Wengi humfikia mnasihi, yaani mshauri nasaha, wakiwa wamechelewa, kisha huacha baada ya kikao kimoja au viwili. Wengine huenda na kurudi miezi mingi, wakiongea na kusikilizwa, na ukiwauliza kilichobadilika hawana jibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makundi yote mawili. Msimamo wangu ni huu: huduma hii ina kazi ndani yake, kazi hiyo hupimika, na mtu wa kwanza mwenye haki ya kuipima ni wewe unayehudumiwa.

Hatua ya 1: Amua kama jambo linasubiri miadi

Zipo hali zisizosubiri. Mtu anayezungumzia kujiua na tayari ana cha kutumia. Aliyemeza sumu au vidonge vingi, hata akisema anajisikia vizuri. Anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine. Mama aliyejifungua karibuni ambaye ameanza kuongea yasiyoeleweka au kumwona mtoto wake kama adui. Aliyekaa siku kadhaa karibu bila kulala, huku nguvu zimemjaa na anatumia fedha ovyo. Hao hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wakiwa na mtu wa kuwasindikiza. Aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa, au baada ya kugonga kichwa, au akiwa na kisukari, achunguzwe mwili kwanza, kwa sababu maambukizi ya ubongo na sukari iliyoshuka huweza kufanana sana na ugonjwa wa akili.

Pombe ina hatari yake ambayo familia nyingi haziijui. Mnywaji wa kila siku, anayeamka akitetemeka hadi anywe tena, asiachishwe kwa mkupuo nyumbani. Kufungiwa chumbani "mpaka imtoke" kunaweza kumuua. Degedege huweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya tone la mwisho, na hali mbaya zaidi ya kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, homa na mapigo ya moyo ya kasi huja kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne. Kuacha kwake kusimamiwe na daktari, kwa dawa. Ushauri nasaha unafuata baadaye.

Kuhusu kujiua, uliza bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Akijibu ndiyo, uliza amefikiria kufanyaje, lini, na kama anacho cha kutumia. Kisha kiondoe kilichopo: sumu ya wadudu, silaha, akiba ya vidonge. Wimbi kali la fikra hizi mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na umbali kati ya mtu na njia ya kujidhuru ndio unaompa muda wa kulipita.

Wataalamu hutumia mpango wa usalama ulioandaliwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja yenye sehemu sita: dalili zangu kwamba hali inaanza kuwa mbaya, ninachoweza kufanya peke yangu kujituliza, watu na mahali pa kunisahaulisha, watu ninaoweza kuwaambia ukweli, wataalamu na namba za dharura, na namna ya kuweka mazingira yangu salama. Mpango huu huandikwa na mhusika mwenyewe kwa maneno yake, akisaidiwa, na nakala yake hukaa mahali anapoweza kuifikia saa nane za usiku.

Hatua ya 2: Andika tatizo kabla ya kumtafuta mtu

"Nina msongo wa mawazo" ni kauli pana mno; haimpi mnasihi pa kushika. Kwa wiki moja andika kinachoonekana: umelala saa ngapi, umekula au hukula, kazi gani imekushinda, umegombana na nani na ugomvi ulianzaje, umekunywa kiasi gani, siku gani ilikuwa afadhali na nini kilitokea siku hiyo. Siku hiyo ya afadhali usiiruke. Mnasihi mzuri ataing'ang'ania kuliko siku mbaya zote, maana ndani yake mna kitu ambacho tayari kinakusaidia bila wewe kujua.

Kuna madodoso mafupi yanayotumika duniani kote, na yametafsiriwa katika lugha nyingi. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, hupima dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha na kupoteza hamu ya mambo) kwa maswali 9 yanayohusu wiki mbili zilizopita. Alama zake huanzia 0 hadi 27, na kuanzia 10 kwenda juu ni ishara ya kumwona mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri hapo linahitaji mazungumzo, hata kama jumla ni ndogo. GAD-7 ya mwaka 2006 hupima wasiwasi kwa maswali 7, alama 0 hadi 21, na hapa pia 10 ndicho kizingiti kinachotumiwa sana. AUDIT, iliyotengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani, ina maswali 10 kuhusu pombe. Alama 8 au zaidi huashiria unywaji wenye madhara au unaoelekea huko.

Madodoso haya hayakupi jina la ugonjwa. Mfiwa wa wiki iliyopita anaweza kupata alama nyingi bila kuwa mgonjwa. Thamani yake ni kwamba una namba ya kuanzia, na bila namba ya kuanzia hutajua baada ya miezi miwili kama umesogea au umezunguka pale pale.

Pitia pia kwa daktari wa kawaida. Tezi ya shingo iliyolegea au iliyozidi kasi, upungufu wa damu, maumivu ya muda mrefu na baadhi ya dawa, zikiwemo za jamii ya steroidi (za kupunguza uvimbe na mzio), huweza kuleta uchovu, huzuni au wasiwasi ambao maongezi pekee hayatauondoa.

Hatua ya 3: Jua nani anafanya nini

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza. Anapima, anatambua ugonjwa na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anafanya vipimo vya kisaikolojia na tiba ya mazungumzo, na katika nchi nyingi haandiki dawa. Mnasihi, au mshauri nasaha, hushughulika na matatizo ya maisha, mahusiano, msiba, uraibu, sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini au cha kati, na hutoa rufaa yanapomzidi. Afisa ustawi wa jamii hushika yale yanayomzunguka mtu: makazi, usalama wa mtoto, haki, ukatili nyumbani. Muuguzi wa afya ya akili mara nyingi ndiye anayemfahamu mgonjwa wa muda mrefu kuliko wote, ingawa sifa hizo hapewi.

Usidharau mhudumu wa jamii asiye na shahada lakini amefunzwa na anasimamiwa. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafundisha akina bibi wazee wa mtaani kutoa tiba ya kutatua matatizo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa vikao vitano, kila kimoja dakika 90, unaotolewa na watu wasio wataalamu. Maneno mawili ya kushikilia hapo ni "amefunzwa" na "anasimamiwa". Mtu mwenye huruma tu, hata awe kiongozi wa dini anayeheshimika, anaweza kukufariji sana na bado asijue la kufanya ukimwambia unasikia sauti.

Hatua ya 4: Linganisha tiba na tatizo

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu milango mingi imeandikwa "ushauri" bila kusema ushauri wa aina gani.

Kwa sonona, tiba ya utambuzi na tabia iliyoasisiwa na Aaron Beck katika miaka ya 1960 ina ushahidi mwingi. Inakufundisha kukamata wazo linalokuja lenyewe ("nimeshindwa kila kitu"), kulihoji kwa ushahidi, na kubadilisha unachofanya. Sehemu yake moja ina nguvu hata ikitumika peke yake, nayo ni kurudisha shughuli kwa ratiba kabla hamu haijarudi. Mwenye sonona husubiri ajisikie vizuri ndipo aamke, aoge, awatembelee watu. Mnasihi humgeuzia mpangilio: fanya kidogo kwanza, hisia itafuata nyuma kwa kuchechemea.

Kwa hofu, dawa ya kweli ni kuikaribia hofu hatua kwa hatua. Mtu anayeogopa umati haponi kwa kueleza utoto wake tu. Anaponyeshwa na ngazi iliyopangwa, kuanzia kusimama mlangoni hadi kukaa katikati ya watu, akirudia kila ngazi mpaka mwili uchoke kuogopa. Anayenawa mikono mara nyingi mno kwa mawazo yanayomng'ang'ania hufanya vivyo hivyo: anagusa anachokiogopa, kisha anazuiwa kunawa. Kama mnasihi wako anakusaidia kukwepa unachokiogopa, wiki baada ya wiki, amekuwa sehemu ya tatizo kwa nia njema.

Kwa kiwewe kinachotokana na ajali, vita, ubakaji au ukatili, zipo tiba mahususi zinazopitia kumbukumbu kwa utaratibu na kwa kasi ya mhusika. Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu siku chache baada ya tukio haipendekezwi. Siku za mwanzo anahitaji usalama, usingizi, watu wake na msaada wa vitendo.

Kwa uraibu, mahubiri na vitisho hufanya kazi vibaya. William Miller alieleza mwaka 1983 mtindo wa mahojiano ya kuhamasisha, ambao baadaye aliuendeleza pamoja na Stephen Rollnick: mnasihi anauliza na kusikiliza hadi mraibu mwenyewe atamke sababu zake za kubadilika. Unapobishana na mraibu, yeye hutetea upande wa kuendelea, na kila anavyoutetea ndivyo unavyozidi kumkaa.

Kwa skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli) na ugonjwa wa hisia mseto (vipindi vya kujaa nguvu kupita kiasi na vya huzuni nzito), dawa ndiyo nguzo, na ushauri wa familia huongezwa juu yake. Ushauri peke yake hautoshi, na kuchelewa kuanza matibabu huharibu matokeo ya baadaye. Sitapaka jambo hili rangi.

Hatua ya 5: Hoji kabla ya kuhojiwa

Kabla ya kukubali miadi, au ndani ya dakika kumi za kwanza, uliza haya bila aibu:

- Umesomea nini, na umesajiliwa na chombo gani?
- Umewahi kuhudumia watu wenye tatizo kama langu? Unatumia njia gani?
- Kwa kawaida vikao ni vingapi, vya muda gani, na malipo yakoje nikikosa kuja?
- Tutajuaje kwamba ninapata nafuu?
- Nani anakusimamia kazi yako?
- Nikizidiwa katikati ya wiki, nimpigie nani?

Anayekasirikia maswali haya amekurahisishia uamuzi. Anayekuahidi kupona kabisa ndani ya siku saba naye pia.

Kwa huduma ya simu au video, ongeza mawili: mazungumzo yanahifadhiwa wapi, na mkikatika mnafanyaje. Tafuta chumba ambacho hakuna anayesikia, vaa vipokea sauti vya masikioni, na umwambie mhudumu uko wapi ili aweze kuita msaada ikihitajika. Kama anayekutisha unaishi naye nyumba moja, kikao cha simu nyumbani si salama. Sema hivyo mapema ili mtafute mahali pengine.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza

Kikao huwa cha dakika 45 hadi 60. Cha kwanza ni cha maswali mengi: historia ya afya, familia, kazi, pombe na dawa za kulevya, majaribio ya kujiua ya nyuma, yaliyowahi kukusaidia. Unaruhusiwa kusema "hilo sijawa tayari kulizungumzia". Huruhusiwi, kwa faida yako mwenyewe, kudanganya kuhusu kiasi unachokunywa au dawa unazotumia, kwa sababu ushauri wote utajengwa juu ya hapo.

Mhudumu anapaswa kukueleza usiri na mipaka yake kabla hujaanza kumwaga moyo. Mipaka ya kawaida ni mitatu: kuna hatari ya kweli kwamba utajiua au utamdhuru mtu; kuna mtoto au mtu asiyeweza kujitetea anayetendewa ukatili; au mahakama imeamuru. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo uliza inavyokuwa ulipo. Uliza pia nani anasoma faili lako, hasa kama anayelipa ni mwajiri au bima.

Ukitoka umechoka au umelia, ni kawaida. Ukitoka umedharauliwa au umehukumiwa, hiyo siyo sehemu ya tiba.

Hatua ya 7: Weka lengo, kisha pima

Lengo la "kuwa na furaha" halipimiki. "Kulala kabla ya saa sita usiku siku tano kwa wiki", "kurudi kazini siku nzima", "kugombana na mwenzangu bila kutukanana mbele ya watoto": hayo yanapimika. Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba uhusiano wa tiba una nguzo tatu, yaani kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kulifikia, na kuaminiana. Watu wengi huangalia ya tatu tu. Wanampenda mnasihi, mnasihi anawapenda, na lengo halijatajwa tangu mwezi wa kwanza.

Jaza dodoso lako upya kila baada ya vikao viwili au vitatu, mtazame namba pamoja. Uchambuzi maarufu wa Kenneth Howard na wenzake wa mwaka 1986 ulikadiria kwamba karibu nusu ya wahudumiwa huwa wamepata nafuu kufikia kikao cha 8, na karibu robo tatu kufikia cha 26. Kwa hiyo kikao kimoja ni haraka mno kuhukumu, na vikao 15 bila badiliko lolote ni uvumilivu uliopitiliza. Mimi huwaambia watu waweke alama kwenye kikao cha sita: hapo simamisha mambo mengine, uliza kwa sauti, "Tunaenda wapi?"

Kuna asilimia ndogo, makadirio ya kawaida ni kati ya 5 na 10 kwa watu wazima, ambao hali zao huzidi kuwa mbaya wakiwa kwenye tiba. Wahudumu wengi hawawatambui mapema kwa macho tu. Hiyo ni sababu nyingine ya kushikilia namba, na ya kutomficha mhudumu kwamba unaumia zaidi ili asijisikie vibaya.

Kazi za nyumbani zifanye. Saa moja kwa wiki ni kidogo mno kushindana na saa nyingine 167. Kama zoezi lilikushinda, nenda na kushindwa kwako kama lilivyo. Kilichokuzuia kufanya zoezi mara nyingi ndicho kinachokuzuia kwingine.

Hatua ya 8: Mkienda kama familia

Familia huja na mtu mmoja mkononi, kama fundi anavyoletewa redio mbovu: "Mtengeneze huyu." Mnasihi wa familia atamtazama huyo, kisha atawatazama wote. Atauliza nani hufanya nini mtoto anapokataa shule, baba anaposema hivi mama hujibuje, bibi anaingilia wakati gani. Huenda akachora ukoo wenu wa vizazi vitatu, akaweka alama palipo na vifo, talaka, ulevi, ugomvi usiosemwa. Hatafuti mkosaji. Anatafuta mzunguko: mama anafoka kwa sababu kijana anajifungia, kijana anajifungia kwa sababu mama anafoka, na kila mmoja ana uhakika mwenzake ndiye aliyeanza.

Si lazima wote wakubali ndipo muanze. Mmoja akibadilisha hatua yake katika mzunguko, mzunguko hauwezi kwenda kama zamani. Anza na walio tayari.

*Wenza.* Kabla ya kikao cha pamoja, kila mmoja azungumze na mnasihi peke yake angalau mara moja. Sababu kubwa ni ukatili. Pale ambapo mmoja anampiga, anamtisha au anamdhibiti mwenzake, kikao cha pamoja kinaweza kuwa hatari: anayeonewa ama atanyamaza, ama atasema ukweli na kuulipia wakifika nyumbani. Hapo kinachotangulia ni usalama wa anayeonewa. Mnasihi anayemwambia aliyepigwa "mvumiliane, kila ndoa ina changamoto" muacheni.

Kama hakuna ukatili, kubalianeni mapema kuhusu siri: ukimwambia mnasihi jambo faraghani, litabaki kwake au litaletwa mezani? Wahudumu wana misimamo tofauti, na kugundua msimamo wake baada ya kukiri mahusiano ya nje ni kuchelewa. Fundisho moja ambalo wenza wengi hulitumia mara moja ni namna ya kufungua lalamiko. "Wewe kila siku hunijali" huita vita. "Jana nilikusubiri hadi usiku bila ujumbe, nikaogopa, naomba unijulishe ukichelewa" hubeba tukio, hisia na ombi. Linasikika jepesi mpaka ulijaribu ukiwa na hasira.

*Watoto.* Kwa mtoto mdogo mwenye utukutu au hasira kali, anayefundishwa zaidi ni mzazi: kumsifu mtoto kwa kutaja alichofanya, kutoa agizo moja fupi kwa wakati mmoja, kupuuza utundu mdogo, na kuweka matokeo madogo yanayofuata papo hapo bila kipigo. Tegemea hali kuwa mbaya kidogo kabla ya kutulia, maana mtoto hupima kama kweli umebadilika. Usimwambie kwamba anapelekwa kwa sababu ni mbaya. Mwambie: "Tunaenda kwa mtu anayesaidia familia ambazo zinagombana sana."

*Vijana wa balehe.* Nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote huanza kabla ya miaka 14, kwa makadirio ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, kwa hiyo "atakua aache" si mpango. Mzazi aketi dakika za mwanzo, kisha atoke nje. Kijana apewe ahadi ya usiri mbele ya mzazi, na mipaka yake itajwe wazi. Mzazi anayemhoji kijana njiani kurudi, "Umemwambia nini kuhusu mimi?", amekivunja kikao kabla ya kufika nyumbani.

*Mraibu asiyetaka msaada.* Hapa familia hukata tamaa mapema. Ipo njia iliyojaribiwa ya kuwafunza ndugu, iliyobuniwa na Robert Meyers na wenzake: kuwa naye karibu na kumfurahia anapokuwa hajatumia, kujiondoa kwa utulivu anapotumia, kuacha kumfunika (kumlipia madeni, kumdanganyia bosi wake), kuangalia usalama na afya yako mwenyewe, na kumtajia matibabu wakati ameamka na majuto, huku nafasi ya kuanza ikiwa imeshatafutwa tayari. Katika majaribio kadhaa, takriban theluthi mbili ya waliokataa awali waliingia kwenye matibabu. Kumkusanyia ukoo wote kumshtukiza kulifanya vibaya zaidi ya hapo.

Hatua ya 9: Dawa zikihusika

Dawa za sonona huanza kuonyesha matokeo baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, ilhali kichefuchefu, kuumwa kichwa na usingizi wa mang'amung'amu huja wiki ya kwanza. Wengi huacha hapo hapo. Ukiendelea vizuri, kwa kawaida utashauriwa uendelee angalau miezi sita baada ya nafuu, na kuziacha kufanyike taratibu kwa maelekezo ya daktari. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo ziangaliwe kwa ukaribu kwa sababu mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya daiazepamu ni vya muda mfupi: huzoesha mwili, na vikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu huweza kuzima pumzi.

Hatua ya 10: Kubadilisha mhudumu, na kumaliza

Kama kitu hakiendi, kiseme kabla ya kutoweka. "Nahisi tunazunguka" au "Kauli ile ya wiki iliyopita iliniumiza" ni sentensi ambazo mhudumu mzuri huzifanyia kazi, na wengi wanaozisema hugundua kwamba tiba ilianzia hapo. Baada ya mazungumzo hayo, bado pakiwa pagumu, omba rufaa na muhtasari wa faili.

Mengine hayahitaji mazungumzo. Mhudumu anayekutongoza, anayekukopa, anayekuingiza kwenye biashara yake, anayekukataza kumweleza yeyote kinachoendelea ndani, au anayekulazimisha uache dawa ulizoandikiwa bila kuwasiliana na daktari wako: ondoka, na umripoti kwa chombo kilichomsajili.

Kumaliza kupangwe. Vikao viwili au vitatu vya mwisho viachane kwa wiki mbili, kisha mwezi. Vitumieni kuandika karatasi ya tahadhari dhidi ya kurudi nyuma: dalili zangu za mapema ni zipi (kwa mwingine ni kuacha kupokea simu, kwa mwingine ni kulala na nguo za kazi), nani nyumbani ataziona kabla yangu na nimempa ruhusa aniambie, ninarudia zoezi gani kwanza, na namba gani ya dodoso itanirudisha kwa mnasihi bila mjadala. Sonona hupenda kurudi, hasa kwa aliyewahi kuipata zaidi ya mara moja. Chagueni namba hiyo pamoja, muiandike na tarehe ya kupima, kwa mfano kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, na nakala ya pili ya karatasi apewe yule uliyemruhusu akuambie.